Mgeni wa Darasa la Chekechea

Mtoto wa miaka minne anasimama mbele ya wenzake, mikono mgongoni, kifua mbele. "Moja, mbili, tatu..." Anakwenda mbio kama anayefukuzwa, hapumui mpaka afike hamsini. "Mpigieni makofi matatu!" anaagiza mwalimu, na darasa zima linaitika: pa, pa, pa.

Nyuma ya darasa, kwenye kiti kidogo kinachomlazimisha akunje magoti karibu na kidevu, ameketi mgeni. Anamwita yule mtoto kwa upole na kumwonyesha rundo la visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, vilivyomwagwa sakafuni. "Nipe vitano." Mtoto anatia mkono, anachota konzi moja, anamkabidhi yote. Ukivihesabu unakuta vinane, au kumi na kimoja.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea Mukuru jijini Nairobi au Manzese jijini Dar es Salaam, Kampala au Accra, na si kwa sababu watoto wa huko ni wazito wa kuelewa. Wanasaikolojia wamewapa watoto jaribio hilihili katika nchi nyingi na kuona jambo lilelile: mtoto huimba namba miezi mingi kabla hajatambua kwamba "tano" ni idadi, kwamba ukifika hapo unasimama. Kumvusha kutoka kwenye wimbo hadi kwenye idadi ni kazi ya mwalimu wa chekechea. Katika shule za mijini zilizolemewa, mara nyingi kazi hiyo huishia kwenye wimbo.

Ubao, fimbo na mtihani wa kuingilia

Mtu asiyeifahamu mitaa ya mabanda hudhani kwamba watoto wadogo wa huko wanashinda vichochoroni. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti waliopita katika vitongoji maskini vya Nairobi, Accra, Lagos na Johannesburg walikuta watoto wengi wa miaka minne na mitano wako shuleni tayari, na sehemu kubwa yao katika shule binafsi za ada nafuu, zile zinazoanzishwa na jirani, kanisa au mwalimu mstaafu katika chumba cha mabati. Mzazi anayeuza mboga au kufua nguo za watu alikuwa analipa ada, tena kwa shida. Alichokuwa anakipata ndicho kilichotia shaka.

Ndani ya vyumba hivyo somo hupita kwa njia moja. Mwalimu anataja, darasa linarudia. Anaandika ubaoni, wanaokaa mbele wananakili, wa nyuma wanasukumana. Mtoto wa miaka mitatu anapewa daftari lenye mistari na kazi ya nyumbani. Kwa kuwa shule nyingi za Nairobi hujitangaza kwa Kiingereza, mtoto anayezungumza Kiswahili na Sheng nyumbani anakariri majina ya wanyama ambao hajawahi kuwaona, katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kuomba maji ya kunywa.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu. Lakini mwalimu huyo naye ana wakubwa wake, wa kwanza akiwa mzazi. Kwa miaka mingi nchini Kenya shule za msingi zenye sifa ziliwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Wizara ilipiga marufuku, usaili ukaendelea. Mzazi aliyeona mtoto wa jirani akikataliwa kwa sababu hajui kusoma hakutaka kusikia habari ya michezo. Alitaka daftari lililojaa, lenye alama nyekundu za vema. Mwenye shule anayeishi kwa ada za mwezi kwa mwezi humpa mzazi kile anachokitaka.

Ng'ambo ya mpaka wa Namanga sababu ni nyingine ingawa sura ya darasa ni ileile. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya lazima ya elimumsingi, na mwaka 2016 ada na michango ikaondolewa. Watoto wakamiminika. Kipimo cha serikali kinataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa darasa la awali, lakini takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha wastani ulio mbali sana juu ya hapo, na katika shule za pembezoni mwa Dar es Salaam mwalimu anaweza kujikuta na watoto wapatao mia katika chumba kimoja. Mbele ya umati huo, kuimbisha ndiyo njia ya kwanza inayomjia mtu yeyote.

Ypsilanti, 1962

Swali la nini hasa kinamfaa mtoto maskini wa mjini lilipata jibu lake mashuhuri mbali na hapa, katika mji mdogo wa viwanda jirani na Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. David Weikart alikuwa mtumishi wa idara ya elimu ya mji wa Ypsilanti, na alikuwa anaona watoto weusi wa mitaa ya mafukara wakirudishwa madarasa na kuacha shule mwaka hadi mwaka. Akaamua kuanza mapema kabla mambo hayajaharibika. Kuanzia 1962 hadi 1967, katika Shule ya Msingi ya Perry, watoto 123 wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu: 58 waliingia chekechea, 65 wakabaki nyumbani.

Chekechea yenyewe ilikuwa ya saa mbili na nusu kila asubuhi. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita, na mara moja kwa juma alikwenda nyumbani kwa kila mtoto na kukaa na mama yake saa moja na nusu. Darasani kulikuwa na utaratibu ambao baadaye uliitwa HighScope. Mtoto alipofika alisema anataka kufanya nini leo, akakifanya, kisha akaketi na wenzake kusimulia alichokifanya na kilichomshinda. Kupanga, kutenda, kusimulia. Mwalimu alizunguka akiuliza maswali yasiyo na jibu moja.

Matokeo ya kwanza yalitia moyo, kisha yakavunja moyo. Alama za watoto hao katika vipimo vya akili zilipanda, na baada ya miaka michache ya shule ya msingi zikalingana na za wenzao. Wengine wangefunga jalada hapo. Weikart na wenzake waliendelea kuwafuatilia watoto wale hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 40, asilimia 60 ya waliopita chekechea walikuwa na kipato cha dola 20,000 au zaidi kwa mwaka. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 40. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36 dhidi ya 55. James Heckman, mchumi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, alizichambua upya takwimu hizo na kuona kwamba akili ya darasani haikuwa siri ya mafanikio hayo. Kilichodumu kilikuwa tabia: uwezo wa kungoja zamu, kumaliza kazi uliyoianza, kuelewana na watu.

Wakosoaji wameukumbusha ulimwengu kwamba watoto 123 wa mji mmoja ni wachache, na kwamba mwalimu mwenye watoto sita ni anasa. Wana haki. Ndiyo maana hatua iliyofuata inavutia zaidi, kwa sababu wazo la Ypsilanti lilivuka bahari likaingia mahali ambapo anasa hiyo haikuwapo.

Bi Swafiya na vifuu vya nazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa jamii za Kiislamu za pwani ya Kenya walikuwa na malalamiko yaliyozoeleka. Watoto wao walikuwa wanakwenda chuoni, yaani madrasa, kusoma Kurani, wanajifunza herufi za Kiarabu, wanahifadhi sura, lakini walipofika mlango wa darasa la kwanza walikuwa wanawakuta wenzao waliopita nasari wameshatangulia. Nasari zenyewe zilikuwa ghali, nyingine za misheni, na wazazi hawakutaka kuchagua kati ya dini na shule. Walifikisha jambo hilo kwa Aga Khan, na wakfu wake ukaombwa usaidie.

Kazi hiyo ilikabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa aliyeyajua madarasa ya serikali na vyuo vya mtaani. Mwaka 1986 alianza na jambo ambalo wageni wengi wangelipita bila kuliona: chuo tayari kina jengo, kina mkeka, kina watoto, na zaidi ya yote kina imani ya wazazi. Hakukuwa na haja ya kujenga kitu kipya pembeni. Alichukua utaratibu wa HighScope, mafunzo ya dini na malezi ya Kiswahili, akavisuka pamoja kama ukili. Asubuhi ikafunguliwa kwa salamu na dua, kukawa na nyimbo na hadithi za pwani, kisha watoto wakatawanyika kwenye kona zao kupanga na kutenda.

Na vifaa? Ypsilanti walikuwa na vitalu vya mbao na rangi za dukani. Mombasa walikuwa na vifuu vya nazi, kokwa, kombe za baharini, visoda, makopo matupu, vipande vya leso na ukindu. Vifuu vikubwa na vidogo vikawa somo la ukubwa. Kombe zikawa hesabu. Kona ya nyumbani ilipata kinu, ungo na mbuzi ya kukunia nazi, na mtoto aliyewahi kumwona bibi yake akikuna nazi alikuwa na mengi ya kusema kuliko aliyeonyeshwa picha ya tufaha.

Walimu walikuwa wanawake wa mtaa uleule, waliochaguliwa na kamati ya shule. Wengi hawakuwa wamesoma sana, na hakuna chuo cha ualimu kilichokuwa kinawangoja. Walifunzwa kwa vipindi, wakarudi darasani kujaribu, na wakufunzi wa kituo wakawafuata huko: wakakaa nao, wakawatazama, wakaonyesha, wakarudi tena baada ya muda. Jamii nayo ilitia saini mkataba wa kuiendesha shule, kusimamia fedha na kumlipa mwalimu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Kampala mwaka 1993, na katika miongo iliyofuata shule zake zilizidi mia mbili.

Je, ulizaa matunda? Peter Mwaura wa Kenya pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford waliwafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Watoto waliopita chekechea yoyote waliwashinda waliobaki nyumbani katika vipimo vya kufikiri. Waliopita shule za mpango wa madrasa waliwashinda wote. Wengi wa walimu waliofanya kazi hiyo, kama tulivyoona, hawakuwa wamesoma sana. Walichokuwa nacho cha ziada kilikuwa mkufunzi aliyerudi.

Mahakama inapoagiza chekechea

Kuna watakaosema vifuu na moyo wa kujitolea ni vya maskini, na kwamba serikali yenye fedha ingefanya vingine. Mfano upo. Mwaka 1981 kituo cha sheria cha New Jersey kilifungua kesi kwa niaba ya watoto 20 wa miji iliyochakaa ya jimbo hilo, ikiwamo Camden na Jersey City, kikidai kwamba shule zao zinanyimwa kile ambacho shule za vitongoji vya matajiri zinapata. Jina la kwanza katika orodha lilikuwa Abbott, nalo ndilo lililobaki kwenye kesi. Iliendelea kwa miongo, hukumu juu ya hukumu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo iliagiza kila mtoto wa miaka mitatu na minne katika wilaya hizo maskini apate chekechea bora.

Neno "bora" lilileta ubishi, kwa hiyo mwaka 2000 majaji walirudi kulifafanua. Watoto wasizidi 15 darasani. Watu wazima wawe wawili, mwalimu na msaidizi wake. Mwalimu awe na shahada na cheti cha kufundisha watoto wadogo, na walio kazini bila hivyo wakapewa muda hadi Septemba 2004.

Hapo palikuwa na mtego. Sehemu kubwa ya watoto walikuwa katika vituo binafsi na vya jamii, mikononi mwa akina mama waliofundisha kwa miaka bila shahada na kwa ujira mdogo. Kuwafukuza kungevunja mpango, na kuwaacha kungevunja hukumu. Jimbo likawalipia masomo ya jioni na mwisho wa juma. Waliohitimu wakalipwa sawa na walimu wa shule za serikali hata kama waliendelea kufundisha katika kituo kilekile cha mtaani. Kisha kila wilaya ikaajiri walimu wazoefu wasio na darasa, ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka kwenye madarasa ya wenzao.

Watafiti waliopima ubora wa madarasa hayo mwanzoni walikuta chini ya asilimia 15 yanaweza kuitwa mazuri. Kabla ya muongo kwisha, yaliyo mengi yalikuwa yamefika huko. Watoto walipofuatiliwa hadi madarasa ya juu ya shule ya msingi, waliowahi kurudishwa darasa miongoni mwa waliopita chekechea walikuwa asilimia 12, na miongoni mwa wasiopita asilimia 19. Mjini Union City, wenye wakazi wengi wahamiaji wanaozungumza Kihispania, mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi kwamba msomi David Kirp alikaa mwaka mzima katika shule zake na kuandika kitabu.

Accra: wazazi walipoalikwa

Hakuna mpango unaokwenda kama ulivyochorwa, na Ghana ilitoa somo ambalo watu wa elimu bado wanalitafuna. Nchi hiyo iliingiza miaka miwili ya chekechea katika elimu ya msingi mwaka 2007, mapema kuliko majirani zake. Watoto walijaa madarasani, ufundishaji ukabaki wa kukariri. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Sharon Wolf na Lawrence Aber walichukua shule 240 za wilaya sita maskini za eneo la Greater Accra, za serikali na za binafsi, wakazigawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliendelea kama kawaida. Walimu wa kundi la pili walipata mafunzo ya siku chache kutoka chuo cha taifa cha walimu wa chekechea, yakafuatiwa na semina fupi na ziara za wakufunzi darasani: namna ya kufundisha kwa mchezo, kutuliza darasa bila fimbo, kumsifu mtoto kwa alichofanya vizuri. Kundi la tatu lilipata hayo yote, na juu yake wazazi wakaitwa shuleni kuonyeshwa video kuhusu faida ya kujifunza kwa mchezo.

Katika kundi la pili madarasa yalibadilika. Walimu walikuwa hawachoki kama zamani, katika shule binafsi wachache zaidi waliacha kazi, na watoto walipiga hatua, ndogo lakini dhahiri. Watafiti walitarajia kundi la tatu liwapite wote. Halikupita. Mikutano ya wazazi ilifuta faida waliyoipata watoto.

Kwa nini? Maelezo yanayotajwa ni kwamba baadhi ya wazazi, hasa katika nyumba ambazo kichwa cha familia hakusoma, walisikia mwito ule wa mchezo kama tishio kwa kile walichokuwa wanakilipia, wakajibu kwa kuvuta kamba upande wao au kuiacha kabisa. Kwa yeyote anayemjua mzazi wa Mathare au Tandale, hilo halishangazi. Mtu aliyejinyima chakula cha mchana apate ada hawezi kubadilishwa na video tatu. Bi Swafiya alikuwa ameanzia kwenye kile ambacho wazazi walikitaka tayari, yaani dini na darasa la kwanza, ndipo akaingiza mchezo kwa mlango huo. Mikutano ya Accra ilianza na mchezo wenyewe.

Ziara yenyewe

Kenya nayo ilijaribu kwa upana. Kati ya 2014 na 2018, mpango ulioitwa Tayari ulifanya kazi katika kaunti za Nairobi, Siaya, Laikipia na Uasin Gishu; kwa Nairobi uliingia katika shule zile za ada nafuu za mitaa ya mabanda. Walimu walipata mafunzo, vitabu vya watoto, mwongozo wa kila somo, na mkufunzi wa kuwatembelea. Vipimo vilionyesha watoto wao wakiingia darasa la kwanza wakiwa wamejiandaa kuliko wenzao. Mwongozo ulikuwa na maana kubwa kwa mwalimu ambaye hajasomea kazi hiyo, kwa sababu asubuhi haikuanza tena na swali la "leo nifundishe nini?"

Mkufunzi mzuri haingii kama mkaguzi. Mkaguzi huuliza daftari la mahudhurio, hutazama maandalio ya somo, hutia saini na kuondoka, na mwalimu hushusha pumzi. Mkufunzi huchagua kona, huketi chini kadiri ya watoto, na kwa nusu saa huandika anachokiona bila kukisemea. Watoto wakitoka kunywa uji, wawili hao hubaki.

"Mwalimu, wewe umeonaje?" ndilo swali lake la kwanza. Mara nyingi mwalimu hutaja watoto watundu. Ndipo mkufunzi anapofungua daftari lake: katika nusu saa mwalimu ameuliza maswali mengi, karibu yote ya kumalizia neno. "Hii ni nya...?" "Nyanya!" Mtoto mmoja wa dirishani hakuulizwa hata mara moja. Na kila swali lilipoulizwa, jibu lilitolewa na mwalimu mwenyewe kabla mtoto hajafungua kinywa.

Haorodheshi makosa kumi. Anachagua jambo moja la kujaribu hadi atakaporudi: ukiuliza, hesabu moja hadi tano moyoni kabla ya kumsaidia mtoto. Safari nyingine litakuwa swali jipya, "Umejuaje?" Safari ya tatu itakuwa kugawa darasa, nusu wakae mkekani na mwalimu, nusu wawe kwenye kona za ujifunzaji na visoda, mchanga na makopo. Katika darasa la watoto tisini mgawanyo huo unataka nje pia: kundi moja chini ya mwarobaini likiandika namba kwa vijiti udongoni, kila kundi na kiongozi wake wa miaka mitano anayejiona waziri.

Hayo ni mambo madogo, na ni magumu. Mwalimu aliyefundishwa kwa ubao na fimbo tangu utotoni analazimika kuzoea kimya cha sekunde tano ambacho mwanzoni anakiona kama aibu, kwamba darasa limemshinda. Semina ya hotelini ya siku tatu haimzoeshi mtu hivyo. Anarudi na cheti na begi jipya, na Jumatatu anaandika ubaoni kama kawaida.

Mshahara, uji na darasa lijalo

Ukimwuliza mwalimu wa chekechea wa Nairobi shida yake ya kwanza, hatataja maswali ya kumalizia neno. Atataja mshahara. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, wakati shule za msingi zilibaki chini ya serikali kuu na tume yake ya walimu. Tangu hapo mwalimu wa chekechea amekuwa na mwajiri mmoja na jirani yake wa darasa la kwanza mwajiri mwingine, na malipo ya wa chekechea yanategemea kaunti aliyomo. Yule wa shule ya mabati hata kaunti haimhusu. Analipwa ada zikiingia. Anayepata kazi bora anaondoka, na mafunzo yanaondoka naye. New Jersey iliwalipa walimu wa vituo vya mtaani sawa na wa serikali kwa sababu mahakama iliwashikilia wakubwa kooni. Kwingineko jambo hilo huahidiwa wakati wa kampeni.

Tumbo ni shida ya pili. Kufikia saa nne asubuhi mtoto aliyekuja bila kula haoni kisoda wala kifuu. Kaunti ya Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education, ambamo mzazi hulipa shilingi 5 tu kwa mlo wa mchana na mtoto hupokea chakula kwa kugusisha bangili yake mkononi kwenye kifaa. Walimu wengi wa watoto wadogo wangekwambia kwamba sahani ya wali na maharage huleta mahudhurio kuliko tangazo lolote la redio.

Na kuna darasa linalofuata. Tangu Kenya ianze mtaala wa umilisi mwaka 2017, miaka miwili ya chekechea imeandikwa rasmi kama mwanzo wa ngazi ya elimu, na mtaala wa awali wa Tanzania bara nao unazungumzia kona za ujifunzaji na michezo. Karatasi zinasema vizuri. Lakini mtoto aliyezoea kuulizwa "Umejuaje?" akipanda darasa la kwanza na kukuta mwalimu anayetaka jibu moja tu, hujifunza upesi kunyamaza. Wakufunzi wenye uzoefu wameanza kuwakalisha pamoja walimu wa ngazi hizo mbili mwisho wa mwaka, mmoja ampe mwenzake habari za kila mtoto: huyu anaongea sana akiwa mkekani, huyu mshike mkono siku ya kwanza, huyu anajua idadi hadi saba.

Hadi saba ndiko anakoweza kufika, baada ya ziara tatu au nne, yule mtoto aliyehesabu mpaka hamsini bila kupumua. Mgeni amerudi, amekunja magoti palepale kwenye kiti kidogo, lakini safari hii hasemi neno. Mwalimu mwenyewe amechuchumaa karibu na rundo. "Nipe saba." Mtoto anachukua kisoda kimoja, anakiweka kiganjani mwa mwalimu. Cha pili. Cha tatu kinaanguka, anakifuata chini ya benchi. Kimya kinakuwa kirefu, na midomo ya mwalimu inaonekana ikihesabu bila sauti ili asije akamsaidia. Cha saba kinapotua, mtoto anatazama rundo lililobaki, anatazama kiganja, kisha anarudisha mkono wake nyuma.

"Umejuaje?" anauliza mwalimu.